NENO LA SIRI SI KITU CHA KUAZIMANA

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya kutumia kompyuta na intaneti kwa uangalifu. Nimekubali, si kwa kuwa mimi ni hodari kuliko wengine, bali kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioumia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwanza niseme neno kwa wazee wetu. Wengi wenu mlisoma hapa wakati habari za nyumbani zilipokuja kwa barua ya posta tu. Siku hizi mambo ni mengine. Uganda haina bahari, lakini intaneti yetu nyingi hutoka baharini, kwa waya zilizolazwa chini ya maji mpaka pwani, kisha zikapita nchi kavu hata kwetu. Mwaka 2009 waya mbili za namna hiyo, Seacom na TEAMS, zilifika Mombasa. Basi leo mwanafunzi aliyeketi katika chumba cha kompyuta huandika barua, na kabla hajameza mate imekwisha kusomwa London. Hiyo ni neema kubwa, lakini barua ya uongo nayo huenda kwa mwendo ule ule.

Sasa nisimulie yaliyonipata. Muhula wa pili mwaka jana, jioni moja, nilikuwa nikisoma baruapepe zangu shuleni. Kengele ya chakula ikalia. Nami kwa haraka nikazima kioo, nikakimbia. Nilidhani kioo kikiwa cheusi, mlango umefungwa. Kumbe nilikuwa nimezima taa tu, na mlango nimeuacha wazi.

Siku ya wazazi ilipofika, shangazi yangu alikuja kutoka Jinja. Baada ya kusalimiana akaniuliza, "Je, mwanangu, ile ada ya mtihani umekwisha kuilipa?" Nikashangaa. Akanionyesha kwenye simu yake barua iliyotoka kwangu, yenye jina langu, ikisema: pesa za ada zimepotea, naona haya kumwambia baba, tafadhali nitumie shilingi 150,000 kwa namba hii ya rafiki, wala usijaribu kunipigia, maana simu haziruhusiwi shuleni. Hilo la simu ni kweli, nalo ndilo lililomfanya aamini. Shangazi huuza nguo sokoni. Pesa zile alikuwa ameziweka za kununulia mzigo mpya.

Tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Wangapi wanalijua neno lako la siri?" Nikahesabu kwa vidole. Walikuwa wanne. Mmoja nilimpa anichapishie maandishi, mwingine anitazamie matokeo, na wengine wawili kwa urafiki tu. Mwalimu Mkuu akasema, "Basi umewafanya rafiki zako wanne kuwa washitakiwa."

Maneno hayo sikuyaelewa siku ile. Nilimshuku mwenzangu wa dawati moja, naye alikuwa mmoja wa wale wanne. Majuma matatu sikumsemesha. Hatimaye mwalimu wa kompyuta alitazama saa iliyoandikwa kwenye barua ile, akaona kwamba ilipelekwa saa moja na dakika ishirini za usiku, jioni ile ile niliyokimbilia chakula. Saa hiyo mwenzangu alikuwa ameketi nami mezani, tukila posho na maharagwe katika sahani jirani. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Lakini aliyeiandika barua hatujamjua mpaka leo, na pesa za shangazi hazikurudi.

Basi nieleze jinsi mambo haya yanavyokuwa, ili msiumie kama mimi. Unapoingia katika akaunti yako, kompyuta iliyo mbali hukupa kitu mfano wa tikiti, na programu unayosomea kurasa huiweka ndani ya mashine uliyoketi mbele yake. Kila ufunguapo ukurasa, tikiti hiyo huonyeshwa badala ya kukuuliza tena neno la siri. Kuzima kioo hakuifuti, na kufunga ukurasa mara nyingi hakuifuti. Lazima ubonyeze mahali palipoandikwa kutoka. Tena katika kompyuta ya watu wengi, ikikuuliza kama ilihifadhi neno lako la siri, jibu hapana.

Kadhalika neno lenyewe. Namba nne kama za kutolea pesa katika simu zina njia 10,000 tu za kuzipanga, ndiyo sababu simu hukufungia ukikosea mara chache. Herufi nane zikichaguliwa ovyo kati ya herufi ndogo 26 za kibodi zina njia zaidi ya bilioni 208. Nyingi, sivyo? Lakini mashine zenye nguvu huweza kujaribu mabilioni ya maneno kwa sekunde moja, kama mwizi ameiba orodha ya maneno iliyofichwa vibaya. Ukiongeza herufi nne tu, njia hizo zinazidishwa mara 456,976. Kwa hiyo urefu ndio ngome. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe. Usitumie jina lako, wala la timu uipendayo, wala mwaka uliozaliwa, kwa kuwa hayo ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Na kila akaunti iwe na neno lake. La baruapepe lilinde kuliko yote, maana aliye na baruapepe yako aweza kuomba maneno mapya ya akaunti zako nyingine.

Huenda msomaji akasema, "Mimi sifungui barua za watu nisiowajua." Vyema, lakini haitoshi. Tarehe 4 Mei mwaka 2000 barua moja ilianza kuenea kutoka Manila, nchini Ufilipino, ikiwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Nakupenda", pamoja na kiambatisho kilichofanana na barua ya mapenzi. Aliyekifungua, programu ilijipeleka kwa watu wote walioandikwa katika kitabu chake cha anwani, na kuharibu picha na mafaili yake. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa, hata Bunge la Uingereza likafunga baruapepe zake kwa muda. Kwa nini watu waliifungua? Kwa sababu ilitoka kwa mtu waliyemjua. Mtungaji wake, Onel de Guzman, alikuwa kijana aliyesoma chuo cha kompyuta, na baadaye alieleza kwamba shabaha yake ilikuwa kuiba maneno ya siri apate intaneti bila kulipa. Hakuhukumiwa, maana wakati ule nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo.

Kwetu sheria zipo. Uganda ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Kuingia katika akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa, hata ukikuta mlango wazi, na hata ukisema ulikuwa ukitania.

Nina jambo jingine juu ya picha. Picha ya mwenzako usiipeleke kokote bila idhini yake. Ukiipeleka kwa mmoja, huwezi kuihesabu tena. Ukiifuta kwako, yake ingali kwake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena mwambieni kila mzazi na kila shangazi: akiombwa pesa kwa maandishi, asitume mpaka asikie sauti ya mwombaji, au ampigie mwalimu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, wala si namba iliyo ndani ya barua. Na kama amekwisha tuma, awaarifu kampuni ya simu na polisi saa ile ile, asingoje siku ya wazazi kama sisi.

Ndugu zangu, katika bweni tunaazimana sabuni, kalamu, hata shati la Jumapili, na hiyo ni desturi njema isiyofaa kuachwa. Ndiyo sababu ni vigumu kumnyima rafiki neno la siri. Lakini nimejifunza kwamba ukimpa, humpi heshima, wamtwika mzigo: siku mambo yakiharibika, atatazamwa yeye kwanza, na atakayemtazama ni wewe. Mimi nilimtazama mwenzangu hivyo kwa majuma matatu, naye hakuwa na kosa. Likizo hii nitauza nguo pamoja na shangazi mpaka shilingi zake zitimie. Majuma yale matatu siwezi kuyalipa.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita