Fahamu: Vikundi vya kujisemea vya watu wazima wenye ulemavu wa akili

Kikundi cha kujisemea ni jamaa ya watu wazima wenye ulemavu wa akili waliojichagulia mwenyekiti miongoni mwao, wakinena haja zao kwa ndimi zao, mzazi akikaa kando mpaka aulizwe.

Haja ya kujisemea huonekana hata katika mikopo: mjini Mafinga, kama kwingineko nchini Tanzania, sheria yaiamuru halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 2 kati ya hizo zikiwa za watu wenye ulemavu, ila fomu ya mkopo ijapo, aulizwaye aweza kuwa mama, “Anataka kufuga kuku?”, ilhali mwombaji, mtu mzima mwenye ndevu, ameketi papo hapo akisikia, jambo la kuudhi kwelikweli, kwani Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, wamtambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wenziwe.