Zebaki: Mzio au Sumu?

Wakati wa likizo iliyopita, binti wa jirani yangu hapa Njiru, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinijia uso umemwiva kwa vipele. "Mwalimu," akaniambia, "mama asema huu ni mzio tu. Wenzangu bwenini huogea sabuni iyo hiyo na hawadhuriki."

Nilimwomba aniletee karatasi ya sabuni hiyo ya kujichubua. Kwa maandishi madogo, wala si ya Kiswahili, ilitaja iodidi ya zebaki.

Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Ila maneno ndiyo shamba langu. Tangu jadi, Mswahili huita mzio chakula kinachomdhuru yeye na kumwacha mwenziwe salama. Pweza akiwa mzio wako, lawama si ya pweza. Leo neno hilo limeajiriwa katika utabibu, na ajira hiyo ni halali. Wapo watu ambao miili yao huikataa zebaki hata ikiwa kidogo, mathalani ile iliyomo katika madini ya rangi ya fedha yanayozibia meno.

Lakini sumu ni jambo jingine. Sumu haichagui. Zebaki huuzuia mwili kutengeneza rangi ya ngozi, na ndiyo siri ya ule weupe unaouzwa. Kisha hupenya hadi damuni, ikadhuru figo na neva. Mwaka 1972, madaktari waliochunguza wagonjwa 60 wa figo jijini Nairobi walitangaza kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu zenye zebaki. Wale wenzake wa bwenini, basi, hawajanusurika. Ngozi zao zimenyamaza tu. Heri yake yeye ambaye ngozi yake ilipiga kelele mapema.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya aina hii mwaka 1998. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata wa 2013 nazo ziliafikiana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Hata hivyo, sheria haiwezi kumlinda mnunuzi asiyelijua jina la adui yake. Kwenye karatasi, zebaki hujificha nyuma ya majina kama kalomeli, au herufi mbili tu: Hg.

Wala haikai katika sabuni pekee. Imo katika vipimajoto vya kioo na taa za mirija. Kikivunjika kimoja darasani, watoto hukimbilia kuchezea vile vijitone vinavyometameta. Walimu, waondoeni watoto, fungueni madirisha, msifagie kwa ufagio. Vikusanyeni kwa karatasi ngumu, mvitie katika chupa yenye kifuniko. Mvuke wake hauonekani wala haunuki.

Binti yule ameiacha sabuni, na mamaye amempeleka hospitalini akapimwe figo. Sasa shule zimefunguliwa, naye aliniuliza atawaambia nini wenzake. Nilimjibu awaandikie maneno mawili ukutani mwa bweni, mzio na sumu, kisha awaulize: ikiwa kosa ni la ngozi yangu, mbona mwenye sabuni ameogopa kuiandika zebaki kwa lugha tunayoisoma sote?