Tajiri wa Sakai Mbele ya Upanga

Madhali tamthilia za kihistoria za Japani aghalabu huwatukuza mashujaa wa vita, waliobeba panga viunoni na kufa kwa ajili ya mabwana zao, lilikuwa jambo la kustahili sifa pale shirika la utangazaji la NHK, ambalo tangu mwaka 1963 huonyesha kila Jumapili kisa kirefu cha mwaka mzima, lilipomweka mfanyabiashara katikati ya tamthilia yake ya mwaka 1978. Tamthilia hiyo, Ōgon no Hibi, yaani Siku za Dhahabu, ilitokana na kisa cha mwandishi Shiroyama Saburō. Na Ichikawa Somegorō, mwigizaji mashuhuri wa kabuki, mchezo wa jadi wa jukwaani, ndiye aliyekuwa Luzon Sukezaemon, tajiri wa bandari ya Sakai, karibu na Osaka.

Katika karne ya 16, Japani ilipokuwa imeraruliwa na makabaila wasiokoma kupigana, Sakai ilijitawala yenyewe kwa baraza la matajiri wake, ikajizungushia handaki la maji na kuajiri askari wa kuilinda, hata Gaspar Vilela, padri wa Kireno, akaifananisha na Venice. Wareno walipofikisha bunduki katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, haukupita muda mrefu mafundi wa Sakai wakawa wanazifua wenyewe, na makabaila wakawa wateja wao. Na juu ya mali waliongeza adabu: Imai Sōkyū, Tsuda Sōgyū na Sen no Rikyū, wote wana wa biashara, walikuwa mabingwa wa chai, na katika chumba kidogo cha chai shujaa aliuacha upanga wake nje, akaingia kwa kuinama kupitia kilango chembamba, akaketi na mchuuzi kama mtu na mwenziwe.

Lakini usawa huo uliishia mlangoni. Mwaka 1568 kabaila Oda Nobunaga aliudai mji fedha nyingi za vita. Matajiri wakakataa, na mwaka uliofuata wakasalimu amri. Mrithi wake, Toyotomi Hideyoshi, alilifukia handaki la Sakai, na mwaka 1591 akamwamuru Rikyū, aliyekuwa mwalimu wake wa chai, ajiue. Sukezaemon naye alirejea mwaka 1594 kutoka Luzon, kisiwa cha Ufilipino, na shehena ya mitungi, ambayo Hideyoshi na makabaila wake waliigombea kwa bei kubwa ili wahifadhie majani ya chai. Ila biashara hiyo haikumkinga na ghadhabu ya mtawala yule yule, na mapokeo yasema kwamba aliitoa nyumba yake kwa hekalu, akahamia Kambodia.

Fadhila kubwa ya tamthilia hii ni kuonyesha kwamba akili, bidii na uaminifu wa mfanyabiashara huweza kuujenga mji, wala haviwezi kuulinda maadamu sheria ni matakwa ya mtu mmoja mwenye jeshi. Fundisho hilo lahusu kila taifa linaloishi kwa biashara. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vituo vyetu vya televisheni waitafute kazi hii, waitafsiri kwa Kiswahili fasaha, na kuwaonyesha vijana wetu.