Mkiwa mtoni Uluguru, tazameni mlimani kwanza

Shule zikifungwa, familia za Morogoro hazina haja ya kutafuta nauli ya kwenda ufukweni. Mlima uko nyuma ya nyumba na mto unapita mjini. Mtoto anavua viatu, anakunja suruali, anaingia kwenye maji baridi na kuanza kugeuza mawe. Muda si mrefu hata baba amesahau simu, anasaidia kutafuta kaa.

Raha hiyo haina gharama kubwa. Ila milima ya Uluguru ina tabia moja ambayo hata wenyeji huisahau: mvua hunyesha juu, chini kukiwa na jua kali. Miteremko ni mikali, na maji yaliyoanguka karibu na kilele cha Lupanga, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hayachukui muda kufika mabondeni. Watoto wanaoruka kutoka jiwe hadi jiwe hawana habari.

Kwa hiyo mzazi, kazi yako ya kwanza ni kutazama juu. Wingu zito likikaa mlimani, msishuke mtoni. Mkiwa mmeshaingia, angalieni maji: yakianza kuwa ya udongo, yakileta majani na vijiti, au mlio wa mto ukibadilika, tokeni hapo hapo na mpande sehemu ya juu. Ndala iliyobaki ng'ambo iacheni iende. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ni bora kuutazama mto mkiwa kando tu.

Usimkabidhi mdogo kwa kaka yake wa miaka tisa, naye ni mtoto. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hupotea kimya, hata kwenye maji yasiyofika kiunoni mwa mtu mzima. Anayeanza kutembea awe mahali ambapo mkono wako unamfikia.

Kuna pia kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia au yaendayo taratibu, yenye majani kandokando, kama mabwawa na mifereji ya chini. Kujifuta kwa taulo hakutoshi kumkinga mtoto. Akikojoa damu, mpelekeni kituo cha afya. Dawa ipo na inatibu.

Kwa familia yenye watoto wakubwa, kuna maporomoko ya Choma, na Hululu upande wa Mgeta. Ulizeni kwanza ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu mjini kuhusu vibali, kwani msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na mchukueni kijana wa kijijini awaongoze. Njia zake anazijua kuliko simu yoyote.

Huko juu waambieni watoto watembee taratibu. Uluguru kuna chura wadogo wasiotaga mayai majini kama wenzao: mayai huangulika tumboni mwa mama, na wanaozaliwa ni vyura kamili, wadogo sana. Mkimwona, mtazameni bila kumshika.

Na mtoto akiuliza maji yote haya yanaenda wapi, jibu lipo: Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayofika kwenye mabomba ya shangazi yake Dar es Salaam. Atataka kumpigia simu amwambie.