Maagizo ya Seva na Kompyuta ya Luzira

Kwa miaka mingi mahabusu wa Luzira walifika mahakamani kwa gari, chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki. Miaka ya karibuni baadhi ya safari hizo zimechukuliwa na kamera: mshtakiwa huketi gerezani, na hakimu humtazama akiwa Mahakama ya Buganda Road. Ndivyo alivyosomewa adhabu Dakta Stella Nyanzi mnamo Agosti 2019. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile. Kisha Machi 2022 Idara ya Mahakama ya Uganda ilizindua ECCMIS, mfumo wa kuendesha majalada ya kesi kwa kompyuta, ambao hufunguliwa kwa kivinjari, chombo kile kile tukitumiacho kusomea magazeti katika intaneti.

Sasa, ndugu askari, programu yoyote ya kivinjari ni kama kuruta aliyeshushwa kituoni usiku: haijui imefika wapi wala iripoti kwa nani. Hapana budi ipewe maagizo, yaani anwani ya seva, lugha ya kutumia, na dakika za kungoja kabla ya kujifunga. Mafundi wengine huyapachika maagizo hayo ndani ya programu wakati wa kuiunda. Hatari yake ni dhahiri. Programu iliyoundwa kwa majaribio ikipelekwa kazini na anwani yake ya majaribio, karani ataandika tarehe ya kesi katika daftari la mazoezi, mahakama halisi isione kitu, na mahabusu aendelee kulala ndani.

Njia iliyo bora ni programu iulize kwanza, kila ifunguliwapo, na seva iijibu kwa faili dogo la maagizo. Hivyo programu ile ile yafaa Luzira, Gulu na Mbarara pasipo kuundwa upya. Ila kivinjari kikatazwe kulihifadhi faili hilo, la sivyo kitatii amri za jana. Na ukurasa ulioachwa wazi tangu alfajiri utafuata maagizo ya alfajiri mpaka ufunguliwe tena.

Lililo kubwa zaidi ni siri. Kila kilichopelekwa kwenye kivinjari kimo mikononi mwake aketiye mbele ya kioo. Katika kompyuta nyingi hubonyeza F12 tu, na matumbo ya ukurasa yako wazi. Wapo mafundi wavivu wanaotuma maagizo yote ya seva kwa mkupuo, na humo limo neno la siri la hifadhi ya majalada! Fundi aandike orodha ya vinavyoruhusiwa kutoka. Kisichotajwa kibaki ndani.

Hali kadhalika cheo. Ukurasa ukiambiwa kwamba mtumiaji ni karani wa kawaida, ukamfichia kitufe cha kufuta, mjanja aweza kuligeuza neno hilo na kujipandisha cheo mwenyewe. Kwa hiyo seva ikague kila ombi lenyewe, kama mlinzi wa lango aombavyo kitambulisho hata kwa mtu aliyevaa sare.

Na siri ikiisha kutoka, kuifuta katika ukurasa hakutoshi, kwani aliyeisoma anayo. Hubadilishwa saa ile ile, kama kufuli ambayo ufunguo wake umeibwa. Ndipo yasomwe madaftari ya seva kujua ni nani aliyeitumia, na majalada gani aliyagusa.