Kompyuta inavyochora eneo la ndovu, na kwa nini ramani yaweza kupotosha

MJI wa Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta, uko kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu wanapovuka, mashamba huharibiwa, na mjadala huzuka: eneo la ndovu ni lipi, na la binadamu ni lipi?

Mnamo 2016, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu 10 wa Tsavo mikanda ya setilaiti, ili kujua jinsi reli mpya ya SGR inavyoathiri safari zao. Kila mahali mkanda unapotuma habari huwa nukta kwenye ramani.

Njia kongwe ya kupata eneo ni kuzizungushia nukta hizo mpaka mfupi kabisa. Chukua misumari iliyopigiliwa ubaoni, uizungushie mpira wa kufungia noti, kisha uuachilie. Mpira utashika misumari ya pembezoni pekee.

Kompyuta haina mpira. Mojawapo ya mbinu zake ilichapishwa mwaka 1972 na mwanahisabati Mmarekani, Ronald Graham. Huanza na nukta ya kusini kabisa, ikazipanga nyingine kwa pembe zake, kisha ikazipitia moja baada ya nyingine. Njia ikipinda kushoto, husonga mbele; ikipinda kulia, nukta ya kwenye kona hiyo huondolewa. Programu kama QGIS, ambayo hailipiwi, huchora mpaka kama huo kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo, mpaka huo huonyesha ukingo wa safari tu, wala si kila mahali mnyama alipokanyaga. Ndovu anayeizunguka Milima ya Taita bila kuipanda atachorewa eneo linaloimeza milima hiyo, pamoja na mashamba yaliyoko.

Aidha, nukta moja yaweza kubadilisha yote. Ndovu akikaa ndani ya mraba wa kilomita 10 kwa 10, eneo lake ni kilomita mraba 100. Akitoka usiku mmoja tu, kilomita 10 mbele ya katikati ya ubavu mmoja, hesabu hupanda hadi 150.

Ndiyo maana watafiti wengi huacha asilimia 5 ya nukta za mbali zaidi, au hupima mahali nukta zilikosongamana.

Basi ramani ya ndovu ikiletwa barazani, mwananchi ana haki ya kuuliza: nukta zilikuwa ngapi, na mpaka ulichorwa kwa njia gani?