Filme Augure: mtoto aliyeitwa mlozi

Juma hili tuongee juu ya filme moja ya mtoto wa inchi yetu. Inaitwa Augure, ilitoka mwaka 2023, na huko Cannes, Ufaransa, ilipewa zawadi. Aliyeitengeneza ni Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi na kukomalia Ubelgiji. Jina lake linafanana na neno letu "walozi". Yeye mwenyewe amesema kwamba zamani lilimaanisha mtu mwenye elimu, na wakati wa ukoloni likageuka kuwa jina baya.

Katika filme, Koffi alizaliwa na alama usoni. Kwa sababu hiyo jamaa walimwita zabolo. Sasa anatoka Ubelgiji pamoja na bibi yake Alice, mwenye mimba ya mapacha, alete mahari na kupata baraka. Siku ya kukutana, amebeba mtoto wa dada yake mikononi, damu inamtoka puani na kumwangukia mtoto. Joto linaweza kuleta damu ya pua. Lakini kwa jamaa, huo ni ushuhuda wa ulozi.

Mambo mengine yanapita kama ndoto: kwa mfano mashege, vijana wanaume, wanatembea mjini katika magauni ya roze. Usichoke haraka. Mtu aliyekataliwa na jamaa yake anakumbuka maisha yake vipande vipande, na filme inatuonyesha vile anavyoyaona yeye.

Inafuata watu wanne: Koffi, kijana Paco, dada Tshala na Mama Mujila, mama yake Koffi. Mama huyo ni mgumu kwa mtoto wake, na ni rahisi kumhukumu. Lakini tukiendelea tunaona kwamba naye amebeba mzigo uleule.

Sisi walimu tunawajua watoto wanaosemwa hivyo: mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, yatima anayelelewa kwa shangazi. Mtu akifa nyumbani, macho yanamgeukia yeye. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Hata hivyo, neno la kwanza linasemwa nyumbani, na mara nyingi mama yuko pale.

Kikundi kikipata filme hii, muitazame ninyi wakubwa peke yenu, kisha muulizane: ni nani alisema neno lile kwanza? Na ni nani pale nyumbani angeweza kulikataa?